Mama Laini, Kijiji Kizima Kiko Hewani

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ututoke, na hatukuwaza kwamba siku hii ingetukuta na haraka ya kusema. Tulidhani tutakaa sebuleni, tutazame picha yako, tufutane machozi, kisha kila mtu arudi kwake. Badala yake tunagombania nani aanze. Tuna habari, na wewe hukuwa mtu wa kusubirishwa habari. Hata tonge likiwa mdomoni uliinua kidole, ukameza, ukasema, "Haya, mwageni."

Basi tunamwaga. Ila tangazo hili litasomwa na watu wengi, na wengine hawakukujua, kwa hiyo tuvumilie kidogo tuwaeleze ulikuwa nani.

Ulikuwa opereta wa simu. Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, aliyetaka kuzungumza na ndugu yake wa mji mwingine alipitia kwako. Ulikaa mbele ya ubao uliojaa matundu, umevaa vile vya masikioni, waya mkononi, unachomoa hapa unachomeka pale, na watu waliokuwa mbali wanasikiana. Siku mitambo mipya ilipoanza kuunganisha yenyewe, mkapewa mkono wa kwaheri nyote. Ulirudi nyumbani ukatuambia, "Sasa mimi ni mtu wa kupigiwa tu." Ulicheka uliposema hivyo. Lakini Baba anasema kwa muda mrefu ulikuwa ukiongea usingizini, ukiwauliza watu namba.

Jina la Mama Laini lilitokana na laini za simu. Asije mtu akadhani kingine. Ulaini wa aina nyingine ulikuwa nao, ndiyo, lakini ulitupimia kwa kijiko, na aliyechelewa kurudi nyumbani hakuonjeshwa hata hicho kijiko.

Sasa twende Kijijini.

Ndivyo tunavyoiita bustani ile ya historia. Ni eneo pana kando ya kijito, limejengwa nyumba na karakana kama za enzi za mababu, na ndani yake watu huvaa mavazi ya wakati ule na kufanya kazi za wakati ule. Mhunzi anafua chuma kwelikweli. Kinu cha maji kinasaga kwelikweli. Mgeni hasomi historia nyuma ya kioo. Anaisikia, anainusa, na akisogea mno kwenye tanuri inamchoma. Karibu wote wanaofanya kazi hizo hawalipwi. Wanajitolea. Na majengo yenyewe yanasimama kwa mikono ya wafadhili, watu ambao wangeweza kununua viti vipya vya sebuleni wakaona heri wanunue mbao za kinu.

Wewe uliingia kama mgeni. Uliwapeleka wajukuu matembezi. Katika nyumba ya posta kulikuwa na chumba kidogo cha nyuma, na humo, ndani ya kamba, ubao wa simu wa kale umekaa kimya, mbele yake kibao kimeandikwa USIGUSE. Wajukuu wanasema ulisimama pale mpaka wakaanza kulia njaa. Kisha ukainua mguu mmoja, ukavuka kamba.

"Mama, hairuhusiwi," akasema binti wa zamu. Binti yule leo ndiye Mkurugenzi wa bustani, na anakubali tuyaandike haya.

"Mwanangu," ukamjibu, "hiki nimekigusa kabla mama yako hajaota kukuzaa."

Ukavuta kiti, ukaketi, ukachomeka waya mmoja, ukainamisha kichwa kusikiliza.

"Si kimekufa hicho?" akauliza.

"Hakijafa. Kimenuna tu. Hakuna anayekisemesha."

Jumamosi iliyofuata ulirudi, mara hii na bisibisi za Baba, bila Baba kuombwa. Na Jumamosi baada ya hiyo. Ukawafukuza wadudu waliojenga humo, ukasugua kutu, ukabadilisha nyuzi. Tukikuuliza lini utamaliza, ulisema, "Mnanionaje, nina haraka ya kwenda wapi?"

Kulikuwa na shida moja. Ubao bila simu za kuunganisha ni fanicha. Zilihitajika nguzo, waya wa kutosha kuzunguka kijiji kizima, na simu katika kila karakana. Tena chumba kilikuwa kinavuja. Ndipo ulipomwendea Mzee Mabati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye dukani kwake alijulikana kwa mkono wa birika. Hata msumari mmoja hapunguzi.

"Nasikia unataka waya," akakuambia.

"Ndiyo. Wa simu."

"Watu wana simu mifukoni, wewe unaniomba waya?"

"Na mabati. Chumba kinavuja."

"Na mimi nafaidika nini?"

"Utakuwa wa kwanza kupiga."

Alicheka hadi akashika kaunta. Kisha akamwita kijana wake wa mizigo akamwambia apakie. Si siku ile tu. Miaka yote iliyofuata, kila kilipopungua kitu Kijijini, gari la Mzee Mabati lilifika: saruji ya tanuri, mbao za daraja, rangi ya nyumba ya posta. Watu waliomjua sokoni hawakuamini kuwa ni yule yule.

Na kweli alikuwa wa kwanza kupiga. Alisimama getini, akazungusha mpini wa simu kama anayewasha trekta. Ulipojibu, "Opereta, nikuunganishe na nani?" akasahau yote aliyopanga kusema. Halafu akauliza, "Umekula?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza kupita kwenye waya ule, na ulituhadithia usiku huo mpaka ukakohoa kwa kicheko.

Mlibishana kila wiki, wewe na yeye. Yeye alitoa mali, wewe ulitoa Jumamosi zako, na kila mmoja aliamini moyoni kwamba mwenzake ndiye anayetoa zaidi. Mbele ya watu hakuna aliyekubali kulisema hilo.

Baba ndiye hakuvutika. Dereva wa malori mstaafu, amezoea barabara, alikuwa akikupeleka asubuhi, anakushusha getini, anageuza gari. Tulimwambia aingie hata mara moja akuone. "Mimi hayo maisha ya zamani nimeyaishi," akasema. "Nilipe kiingilio cha nini?" Kwa rafiki zake alilalamika kwamba mkewe kila Jumamosi anaolewa na makumbusho. Lakini jioni alikuwa getini kabla hujatoka, injini imezimwa, anakusubiri.

Kuna mwaka kamati ilitaka kukiondoa chumba chako kiwe mahali pa kuuzia soda. Walisema wageni wachache wanaelewa maana yake. Hukugombana nao. Ulimwambia Mzee Mabati tu, naye akaenda kwenye kikao akasema kwa upole kabisa, "Sawa, wekeni soda. Nitakuja kesho kung'oa mabati yangu." Habari ya soda ikaishia hapo.

Halafu ikaja siku ya mafuriko. Kila anayeisimulia anatia chumvi, basi tuiseme ilivyokuwa.

Shule ilikuwa imeleta watoto. Darasa moja lilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye kinu, pamoja na Nesi. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi aliyostaafia. Kijijini yeye ndiye msagaji. Kwenu kulikuwa na manyunyu tu, lakini juu milimani mbingu zilikuwa zimefunguka. Ikapiga radi, umeme ukakatika, na baada ya muda mfupi mtandao wa simu nao ukapotea. Walimu walitembea uwanjani wameinua simu zao juu kama watu wanaoanika nguo.

Simu zako hazikujua habari hizo. Zenyewe zilitaka betri ndani ya kasha na mkono wa mtu wa kuzungusha. Kila karakana ilikuwa na kijifuniko chake ubaoni, chenye namba. Mtu akizungusha kule, huku kijifuniko kinaanguka, tak, unajua nani anaita.

Kikaanguka cha mhunzi. Mhunzi wenu ni mwalimu wa hesabu mstaafu, na karakana yake iko kwenye kona ya juu ya kijito.

"Opereta."

"Maji yanakuja, Laini," akasema. "Yamebadilika rangi. Yamebeba miti."

Hukumuuliza mara mbili. Ulichomeka waya wa kinu, ukazungusha. Hakuna aliyejibu. Ukazungusha tena. Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama nyuma yako, anasema ulizungusha huku midomo inasogea, lakini hakusikia unasema nini. Mwishowe Nesi akapokea, anahema.

"Laini, niache kwanza, nawavusha watoto daraja kabla mvua haijakaza."

"Usivushe mtoto hata mmoja."

"Wa mbele wameshashika kamba za daraja."

"Warudishe. Na usikate, acha simu wazi nisikie."

Aliuacha mkono wa simu unaning'inia. Wewe ukabaki unasikiliza: miguu inakimbia, sauti ya Nesi, ile ya wodini ambayo hata daktari angeitii, "Rudi, rudi, rudi, ndani wote." Halafu ukaja mngurumo. Mkurugenzi anasema ulivibana vile vya masikioni kwa viganja vyote viwili na ukafumba macho, na yeye hakuthubutu kukugusa bega.

Kisha pumzi ya mtu kwenye waya.

"Wote wako ndani," akasema Nesi. "Nimewahesabu, na mwalimu wao amewahesabu." Akachungulia nje. "Daraja limekwenda."

Hapo wengi wanakomesha hadithi, lakini sisi tunapenda zaidi kilichofuata. Njia ya nyuma ya kufika kinuni ilikuwa ndefu na trekta ilikuwa ikifuatwa mbali. Habari zilishafika mjini nusu nusu, na wazazi wakaanza kumiminika getini, roho zao mkononi. Nani alikuwa getini? Mzee Mabati. Alikuja kuangalia kama paa lake linavuja. Akaona watu wanamsukuma mlinzi, akaishika simu ya getini, akazungusha.

"Laini, hapa kuna mama mmoja anataka kuruka ukuta. Nimwambieje?"

"Usimwambie kitu. Mpe simu."

Ukamwunganisha na kinu. Nesi akamtafuta mtoto wa mama huyo, akamweka kwenye simu. "Mama, nina njaa," mtoto akasema, na yule mama akakaa chini pale pale kwenye matope, anacheka. Ukaendelea hivyo, mzazi mmoja baada ya mwingine, Mzee Mabati anapanga foleni getini kama dukani kwake, Nesi anapanga foleni kinuni. Kulikuwa na kabinti kamoja ambako mama yake alikuwa bado njiani. Kakashika simu, kakalia. Hukumwachia mtu mwingine.

"Mama yako anakuja," ukakaambia, "na mimi nipo. Hebu niambie, kinu kinafanyaje huko? Kinanguruma au kinakoroma?"

Kakafikiri. "Kinakoroma," kakasema.

"Kama nani?"

"Kama babu."

Mkaendelea kuzungumzia babu huyo na kukoroma kwake mpaka mama akafika getini. Trekta ikafika, watoto wakatolewa kwa njia ya nyuma, na kabla ya giza kila mmoja alikuwa kwao.

Siku chache baadaye Mkurugenzi alikuja nyumbani na wazo la kukutunukia nishani. Ulimkaribisha chai, ukamsikiliza mpaka mwisho, ukakataa.

"Mhunzi ndiye aliyeona," ukamwambia. "Nesi ndiye aliyekimbia. Mzee Mabati ndiye aliyenunua waya. Mimi nilichomeka tu. Mkitaka kuheshimu watu, waheshimuni wote waliokaa nanyi miaka yote hii, wanaotoa na wanaojitolea. Hiyo siku nitakuja, tena nitavaa viatu vipya."

Alikuahidi. Lakini kulikuwa na daraja la kujenga, kisha kinu kukarabati, na mambo ya bustani unayajua, kila kinachosimama leo kesho kinaomba msumari. Siku hiyo ikawa inasogezwa mwaka hadi mwaka. Wewe ukaugua. Ugonjwa wako haukuwa mrefu na hukutaka ushughulishe watu. Ulituaga kila mtu kwa utani wake, ukalala mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Baba, na hukuamka.

Miezi ya mwanzo hatutaki kuieleza sana. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Siku nyingine Baba alijikaza, lakini Jumamosi zilimshinda. Aliamka mapema, akaosha gari, akalitazama, akarudi ndani. Kule Kijijini chumba chako kilifungwa. Simu zilibaki ukutani katika kila karakana, lakini ubao haukuwa na mtu. Walitafuta opereta hawakumpata; kazi yenyewe wanaoijua wamebaki wa kuhesabu.

Sasa, Mama, hapa ndipo habari yetu ilipo.

Mkurugenzi alimpigia Baba kumwomba akachukue vitu vyako: shali, kikombe, miwani ya akiba. Akaenda. Ndiyo, aliingia ndani ya geti kwa mara ya kwanza. Mlinzi alikataa kumlipisha. Walimfungulia chumba wakamwacha peke yake, ili asionekane akilia kama atalia. Alikuwa amekunja shali kwapani, ameshika kikombe, anageuka kutoka, ndipo kijifuniko cha kinu kikaanguka. Tak.

Kumbe huko ng'ambo Nesi alikuwa na watoto wa shule, anawaonyesha jinsi simu ya zamani ilivyokuwa ikipigwa. Alizungusha akijua fika kwamba hakuna wa kujibu. Alikuwa ameshaanza kuwaeleza kwamba opereta wetu hayupo tena.

Baba anasema alisimama akikitazama kile kijifuniko kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu. Hakuwahi kuugusa ule ubao. Lakini miaka yote ulipokuwa ukila ulikuwa ukieleza, unachomeka uma kwenye kipande cha mkate, "hivi, na hivi, halafu unafungua swichi hii". Akaweka kikombe chini. Akachukua waya, akauchomeka kwenye tundu la kinu, akavaa vile vya masikioni juu ya kofia.

"Ee," akasema. "Sema."

Nesi nusura aangushe mkono wa simu. "Nani huyo?" akauliza.

"Mume wake."

Nesi akampa simu mtoto wa karibu, na mtoto akauliza swali ambalo watoto wote huuliza: "Wewe ni mtu wa kweli au ni mashine?"

"Mimi ni dereva," Baba akasema. "Unataka kwenda wapi?"

Mtoto akataka kwa mhunzi. Baba akakosea tundu, akampeleka kwa mwokaji, mwokaji akapiga mayowe ya mshangao, mwalimu akacheka, watoto wakataka wote wajaribu. Alirudi nyumbani jioni, mikono mitupu. Tukamwuliza viko wapi vitu vya Mama.

"Shali nimeiacha kule," akasema. "Chumba kile kina baridi, na Jumamosi nitaihitaji."

Tulitazamana. Tukampakulia chakula kana kwamba ni jioni kama nyingine.

Tangu siku hiyo hajakosa. Anaendesha ubao kama anavyoendesha lori. Mtu akichelewa kujibu anamzungushia mfululizo kama honi. Hasemi, "Nikuunganishe na nani?" Anasema, "Unateremkia wapi?" Wageni wanavunjika mbavu. Mhunzi amemsaidia kuzishika namba kichwani, na Mkurugenzi amemshonea koti la posta la zamani, na analivaa, Mama, na anajitazama kwenye kioo.

Na bado hatujafika.

Jumamosi iliyopita ile siku uliyoahidiwa ilitimia. Bustani iliwaita wafadhili na watu wa kujitolea wote wa miaka mingi. Mipango ilikuwa wakusanyike juu, kwenye uwanja wa kinu, wapewe nishani zao mbele ya watu. Lakini miguu ya Mzee Mabati haimpandishi mlima tena. Alifika getini kwa kiti cha magurudumu, akatazama juu, akasema, "Niacheni hapa. Yangu mtanipitishia dirishani."

Mkurugenzi alitaka kuhamisha sherehe, lakini viti vilishapangwa na watu walishaketi. Ndipo Baba akamwambia, "Mwacheni hapo hapo. Na wengine nao wabaki kwenye karakana zao. Nitafungua laini zote."

"Inawezekana?" Mkurugenzi akauliza.

"Mke wangu alisema inawezekana. Hakusema ni rahisi."

Basi kila mtu akarudi kwenye kazi yake, na wageni wakagawanyika, kundi kwa mhunzi, kundi kinuni, kundi kwa mwokaji, kundi getini. Sisi wanao tulijibana kwenye chumba chako. Baba alikuwa na jasho. Alichomeka waya mmoja baada ya mwingine mpaka ubao ukafanana na kikapu kinachosukwa, akafungua swichi ya mwisho, na kijiji kizima kikawa kwenye laini moja.

Mkurugenzi akaanza kuita. Hakutumia majina, alitumia kazi zao, akimweleza kila mmoja alichofanya. Mwokaji, aliyepoteza nyusi zake kwenye tanuri akarudi wiki iliyofuata. Nesi. Mhunzi. Mama mwuza vitambaa, ambaye kila vazi la zamani Kijijini limetoka kwenye majora yake bila malipo. Kila aliyeitwa akajibu, "Nipo hewani," na kule alipo watu wakapiga makofi, nasi, tumeinamia vile vya masikioni vya Baba, tukayasikia yanakuja kwa waya kutoka pande zote. Mzee Mabati alipoitwa, hakujibu hivyo. Alisema, "Nipo, na leo naona kweli waya wangu haukuibiwa." Mlinzi anasema alikuwa akilia waziwazi, wala hakujificha.

Halafu Mkurugenzi akasema, "Opereta wetu wa kwanza."

Hatukuwa tumepanga nani akuitikie. Dada mkubwa alinishika mkono, mimi nikamshika kitinda mimba wako, na Baba alikuwa ametazama ubao.

Mhunzi akapiga fuawe. Pigo moja, karibu na simu, likatuingia mpaka mifupani. Akapiga tena. Nesi akafungulia maji, na tukasikia kinu kinaanza kugeuka, mawe yake yanasagana. Mwokaji akagonga mlango wa tanuri. Kwenye nyumba ya shule mtu akavuta kengele. Getini Mzee Mabati akaanza kugonga kiti chake kwa fimbo, na watu waliokuwa naye wakamfuata kwa miguu, mpaka kila kona ya Kijiji ikawa inapiga mlio wake, na yote yanakuja kwako, Mama, kwenye ule ubao ulioukuta umenuna. Ilikuwa kelele kubwa kiasi kwamba Baba alivua vile vya masikioni akavishika hewani, na sisi sote tukasikia vizuri bila hata kuinama. Tulikuwa tunalia na tunacheka na hakuna aliyejua afanye lipi kwanza.

Haikwisha upesi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.

Mwishowe Baba akavaa tena vya masikioni, akapangusa uso kwa shali yako, akasogeza mdomo kwenye kile cha kusemea.

"Amesikia," akawaambia. "Sasa tokeni kwenye laini, kuna wageni wanataka kupiga."

Nishani yako ameitundika chumbani kule, si nyumbani. Tulimwuliza akasema wewe ungependa iwe kazini. Na kuna habari nyingine: siku ile watu wengi walijiandikisha kuanza kujitolea kuliko Mkurugenzi alivyowahi kuona. Mmoja ni msichana aliyekuja na mama yake. Alisema alipokuwa mdogo aliwahi kukwama kinuni, na mwanamke mmoja akamshikilia kwenye simu kwa habari za babu anayekoroma. Anataka kujifunza ubao. Baba amemkubali, kwa sharti kwamba asimcheke anapokosea tundu.

Kesho ni Jumamosi. Baba ameshapiga pasi shati, gari limeoshwa, na ametuambia tusimpigie kabla ya jioni, atakuwa kazini.

Unakumbukwa na mumeo, dereva na sasa opereta. Na sisi wanao, mshonaji, fundi magari na kitinda mimba wako mwalimu. Na wakwe zako. Na dada yako, ambaye bado anadai yeye ndiye aliyekufundisha kuongea. Na wajukuu wako wote, pamoja na yule aliyezaliwa baada yako na kupewa jina lako. Na wafadhili na watu wa kujitolea wa Kijijini, kutoka getini mpaka kinuni.

Pumzika, Mama. Hatutakusahau, wala hatutachoka kukuletea habari.